Mpangaji wa Chumba Ambacho Hakijajengwa

Kabla hujaanza kucheka, nikwambie kwamba chumba chenyewe kipo. Kipo Kitendaguro, cha mwisho upande wa jikoni, na ukitaka twende hata leo nikakuoneshe mlango wake. Wapo walioniambia nilikuwa na malaria, wengine wakasema ni uchovu wa cherehani, na padri mmoja aliniuliza kwa upole kama siku ile nilikuwa nimeonja rubisi, pombe yetu ya ndizi. Sikuwa nimeonja kitu. Mpangaji wangu nilimwona kwa macho yangu haya, nikaongea naye, na kodi yake nikaipokea kwa mkono wangu.

Ilikuwa miaka ile ya Azimio la Arusha, redio inaimba ujamaa asubuhi na jioni, na neno baya kuliko yote ambalo jirani angeweza kukuita lilikuwa kabaila. Mimi nilikuwa fundi cherehani Bukoba mjini, kwenye baraza ya duka, nashona sare za shule na magauni ya komunyo ya kwanza. Kwetu ni Kamachumu. Baba alipofariki, kibanja chake, lile shamba la nyumbani la migomba, kiligawanywa kwa kaka zangu, na mimi nikapewa pole. Mila ilikuwa hivyo, binti atakaa kwa mumewe. Sasa mimi mume mwenyewe nilikuwa nimeshamkimbia, ningekaa wapi? Nikaapa kwamba nitanunua mahali pangu, ambapo hakuna mtu wa kuniambia inuka, zamu yako imekwisha.

Nilipata nyumba Kitendaguro kwa kijana mmoja anaitwa Kamugisha, mtanashati wa suruali za bugaluu, anayeongea huku akitazama saa. Alisema nyumba ni ya marehemu bibi yake, mama wa baba yake, na yeye ndiye mrithi. Ilikuwa nyumba ya mabati, imara, na nyuma yake kibanja kidogo chenye migomba na mibuni. Nilipokiona tu, kichwa changu kikaanza kujenga. Mimi nitakaa nyumba ya mbele, nyuma nitainua safu ya vyumba, niwapangishe walimu na manesi wanaohamishiwa huku bila ndugu. Nikizeeka na macho yakikataa kutunga uzi, kodi itanilisha. Akiba yangu yote ya miaka ya kupiga cherehani iliingia pale. Sikubakiza hata ya kitanda kipya.

Kwetu, mtu akinunua kibanja huzungushwa kwenye mpaka wake, mchana kweupe. Majirani huitwa, mnatembea kutoka mulamula hadi mulamula, ule mmea mwembamba wa majani marefu tunaopanda kuweka alama, kisha mnakaa mnakunywa rubisi. Kila aliyekunywa ni shahidi. Mimi sikuzungushwa hivyo. Kamugisha alisema tukiita watu, balozi wa nyumba kumi atasikia na kuanza hotuba yake ya unyonyaji. Nami nilijua jinsi mwanamke anayenunua nyumba peke yake anavyosemwa mjini, nikaona heri kimya. Tukatembea wawili tu. Nyuma kabisa palikuwa na milamula minne. "Huo ni mpaka," akasema. Na mimi, mtoto wa Kamachumu niliyekulia kwenye migomba, nikatazama mimea minne iliyopandwa pembe nne, nikaitikia kwamba ni mpaka. Mpaka gani unapandwa mraba? Lakini mtu aliyenogewa na kununua haoni pembe.

Siku chache baada ya kuhamia, mvua kubwa ilinizuia kwenda kazini. Nilikuwa nimekata nyasi nikazitandika sebuleni kama mama alivyotufundisha, maana nyumba isiyo na nyasi mbichi chini ni kama bado haijapata mwenyewe. Jioni jioni hivi, mvua ikiwa bado inapiga mabati, nikasikia sauti mlangoni ikinisalimu kwa Kihaya.

"Wasibota, mwana wange."

Alikuwa bibi mfupi, kajifunga kaniki, mkononi kikuku cha ukili. Nikamwitikia kama mama yangu, "Wasibota, mae. Pita ndani usinyeshewe." Akapita, akakaa kwenye nyasi, akakunja miguu upande kama watu wa zamani. Hata sikujiuliza kwa nini nguo yake haikutoa tone la maji. Ningejiulizaje? Mgeni ni mgeni.

"Nasikia unapangisha vyumba," akasema.

"Bado, mae. Hata msingi sijachimba."

"Najua. Nataka cha mwisho."

Nilicheka. Nikamuuliza cha mwisho kipi, wakati cha kwanza chenyewe kiko kichwani mwangu. Hakucheka. Akaonesha kwa midomo upande wa nyuma, akasema, "Si changu. Ni cha binti yangu, Adventina. Yuko Kaagya, analala jikoni kwa watu, na kifua chake hakitaki moshi. Aliondolewa hapa."

Niamini, nilisikia neno hilo la mwisho, lakini nililipitisha sikio hili likatokea lile. Aliondolewa hapa, na nani? Sikuuliza. Nilichokiona mimi ni mpangaji wa kwanza, tena kabla ya tofali la kwanza! Nikamwambia nitamwekea. Naye akafungua pindo la kaniki, akatoa kifurushi cha jani la mgomba. Ndani mlikuwa na kahawa ya kutafuna, akamwani, ile tunayompa mgeni kabla ya neno lolote.

"Kodi hiyo," akasema.

"Mae, fundi ujenzi hatapokea kahawa."

"Wewe pokea. Fundi utamlipa wewe."

Basi nikapokea, maana jibu hilo lilinishinda. Kifurushi kilikuwa cha moto, kama kimetoka kwenye chungu dakika ile. Nikaenda kumletea maji ya kunywa, na niliporudi hakuwepo. Nikachungulia nje, njia nzima tupu. Nilipogeuka ndipo nilipoona zile nyasi. Nilipokaa mimi zilikuwa zimelala. Alipokaa yeye zilikuwa zimesimama kama zilivyotoka kwenye mundu.

Ungefanya nini? Mimi nilifanya kama wengi, nikajidanganya. Nikasema ni bibi mwepesi, amekonda, maskini. Kahawa nikaiweka kabatini, na siku zikaenda. Nikaongea na fundi, tukakubaliana nimlipe kidogokidogo na aanzie msingi nyuma kabisa, pale kwenye milamula, kwa kuwa pamenyooka vizuri. Niliagiza hata mawe.

Asubuhi ambayo fundi alikuwa aje, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walikuwa wameanguka. Msimu wa senene unaujua wewe? Kitendaguro nzima iko nje kabla jua halijatoka, watu na makopo yao, hata wagonjwa wanapona kwa muda. Nami nikachukua kopo langu nikazunguka nyuma. Nikamkuta katikati ya ile milamula minne, ameinama, anakamata senene kwa mikono miwili na kuwatia kwenye kikapu cha mfuniko, haraka kama msichana.

"Olailota, mae," nikamsalimu, furaha imenijaa. "Umekuja kuangalia chumba chako?"

"Hapa usichimbe, mwana wange," akasema bila kuinua kichwa. "Hapa tayari pana mtu. Chumba cha binti yangu kiweke kule karibu na jiko lako, penye jua la asubuhi."

"Nani yuko hapa?"

Akaniangalia. Uso wake haukuwa wa kutisha, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa na uso wa mtu aliye kwake. Senene mmoja akaniruka mguuni, nikainama kumkamata. Nilipoinuka palikuwa na umande tu, majani yote meupe kwa umande, hapakuwa na alama hata ya kidole cha mguu. Alama zilikuwa za kwangu peke yangu, zimekuja na kuishia pale niliposimama. Niliogopa, jamani. Kopo likaniponyoka na senene wangu wote wakaenda zao.

Fundi alipofika nilimwambia hatuchimbi hapo. Akaniuliza kama hela zimeisha. Nikamwambia subiri, na siku hiyohiyo nikapanda gari la kwenda Kaagya na kile kifurushi ndani ya mkoba. Sikuwa na hakika natafuta nini. Niliuliza tu, Adventina ni nani hapa? Nikaoneshwa jiko la nyasi nyuma ya nyumba ya watu, linatoka moshi, na ndani yake mwanamke wa makamo anakohoa, anamenya ndizi za wenyeji wake.

Nikamweleza yote, nikidhani atanifukuza. Akaendelea kumenya. Nikatoa kifurushi. Wiki zote zile, na bado kilikuwa cha moto, yeye mwenyewe alikigusa akaondoa mkono haraka. Akatia punje moja mdomoni, akatafuna polepole, kisha machozi yakaanza kumtoka huku bado anatafuna.

"Ni ya mama," akasema. "Alikuwa anaichemsha na mchaichai. Hakuna mwingine aliyeweka mchaichai."

Hapo ndipo nilipojua nilinunua nini. Adventina ndiye aliyemuuguza mama yake katika nyumba ile, akamzika kwenye kibanja, akapanda milamula minne kwenye pembe za kaburi kwa mkono wake. Kamugisha, mtoto wa kaka yake, alimwambia shangazi ahame kwa muda, nyumba inatengenezwa. Kumbe ilikuwa inatengenezewa mimi. Nilikuwa nimelala kwenye chumba cha mwanamke aliyefanyiwa yaleyale niliyofanyiwa Kamachumu. Iliniuma sana. Nikamwambia, "Ma Adventina, funga vitu vyako. Una chumba Kitendaguro, kimeshalipiwa." Akauliza kiko wapi. Nikamwambia hakijajengwa, lakini mpangaji wangu wa kwanza hakulijali hilo.

Tukaishi wote nyumba ya mbele wakati fundi anainua vyumba upande wa jikoni. Na hapo ndipo ukoo wa Adventina ulipokuja. Kamugisha alikuwa ameuza bila wao kujua, akapanda meli kwenda Mwanza na bugaluu zake. Kwetu ukoo una haki hiyo: kibanja kikiuzwa kwa siri, wanarudisha fedha ya mnunuzi na kukichukua. Wakajaa sebuleni kwangu, wanaume tu, mbele yao mzee Byabato, mkubwa wa ukoo, na balozi naye amejikalisha pembeni kama hakimu.

"Waitu, hatuna ugomvi na wewe," mzee Byabato akasema. "Tumekuja kukomboa kibanja chetu. Utaondoka na haki yako."

Haki yangu! Fedha ningerudishiwa, ndiyo, lakini nyumba nyingine ningeipata wapi, na nani angeniuzia tena? Balozi akadakia kwamba hata hivyo vyumba vya kupangisha ni mirija ya unyonyaji. Nikaona kila kitu kinakwenda, nyumba, msingi, uzee wangu.

Adventina akatoka chumbani na kikapu kidogo cha kahawa. Akapiga magoti, akawapa mmoja mmoja kuanzia mzee, kama mwenye nyumba anavyofanya. Wakapokea, ungekataaje kahawa ya kukaribishwa? Mzee Byabato akatafuna. Akaacha kutafuna. Akatafuna tena, taratibu, macho yake yakaenda dirishani, kule kwenye milamula.

"Umeitoa wapi hii?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mama amenilipia kodi nayo," Adventina akasema. "Sasa niulize na mimi, waitu. Mnakomboa kwa ajili ya nani? Nilipolala jikoni kwa watu Kaagya, mbona hakuna aliyekuja kunikomboa mimi?"

Mzee alisimama, akatoka nyuma, sote tukamfuata. Akavua kofia mbele ya ile milamula minne. Alipogeuka aliniambia kibanja ni changu, ila kaburi lisiguswe na kila rubisi mpya kibuyu cha kwanza kiende pale. Wakanizungusha kwenye mpaka siku ileile, kweupe, majirani wote wameitwa. Rubisi ilinyweka! Aliyekunywa zaidi ni balozi, na tangu siku ile hakuniita kabaila tena.

Vyumba vikaisha, walimu na manesi wakaingia, na kodi inanilisha kama nilivyoota. Nimeridhika, sikufichi. Adventina alikaa chumba cha mwisho, kifua kikapona, tukazeeka pamoja kama dada wawili wanaogombana kuhusu chumvi. Alipofariki tulimlaza ndani ya milamula, pembeni ya mama yake.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini msimu wa senene uliofuata, alfajiri, nilikuta kifurushi cha jani la mgomba kwenye kizingiti cha chumba cha mwisho, cha moto, kinanukia mchaichai. Na kila msimu tangu hapo. Sasa mimi ningefanya nini, na chumba kimeshalipiwa? Siwezi kukipangisha mara mbili. Basi humo hulala mwanamke yeyote aliyeambiwa inuka, zamu yako imekwisha, mpaka apate pa kwake. Sasa hivi yumo mmoja kutoka Muleba na mtoto mgongoni, hajui kodi analipiwa na nani, na mimi sijamwambia.

Kwa hiyo wewe unayetafuta nyumba, sikiliza. Hati uiangalie, ndiyo, na bati uligonge. Lakini zunguka kwenye mpaka, mchana, na majirani, na uulize ni nani alikuwa analala humo kabla yako, walio juu na walio chini. Na ukishakuwa mwenye nyumba, akija bibi mfupi wa kaniki kuulizia chumba, hata kama hujanunua tofali moja, usimwambie vimejaa.