Jiwe la Walburga

Walburga Haslinger aliuza jibini sokoni Munich. Ubavuni alikuwa na kovu lililotoka mgongoni likapinda mpaka karibu na kitovu, alama ya jiwe la figo lililotolewa kwa kisu. Wateja hawakuwahi kuliona kovu hilo, lakini walilijua vizuri, kwa sababu mumewe Ignaz aliwasimulia wote, hata waliokuja kuuliza bei tu.

Mwaka 1982 jiwe la pili lilimkamata akiwa kazini. Alijikunja, akakaa sakafuni nyuma ya meza, na kutoka huko chini akamuuliza mteja, "Nusu kilo, au robo?"

Hospitalini alisema mapema, "Daktari, kisu sikitaki. Nizikeni na jiwe langu."

"Hakuna kisu, mama. Siku hizi tuna mashine mpya. Tunakutia majini, tunalipiga jiwe kutoka nje kwa mawimbi ya mshtuko. Linasagika, kisha unalikojoa."

"Na ngozi?"

"Inabaki ilivyo."

Alifikiri kidogo. "Maji yawe ya moto."

Wakamdunga sindano ya ganzi mgongoni, wakamfunga kwenye kiti, na winchi ikamshusha ndani ya hodhi. Daktari alimsogeza huku na huku akitazama skrini, mpaka jiwe likakaa pale alipolitaka. Mashine ikaanza kupiga milipuko, pa, pa, pa.

"Unajisikiaje?"

"Kama nyama ya supu."

"Unaumia?"

"Kuna mtu ananigonga kwa vidole mgongoni. Mwambieni aache."

Ignaz alikuwa nje, kofia mkononi. Muuguzi, kwa nia njema, alikuwa amemweleza kwamba kila mlipuko unafuata pigo la moyo wa mkewe. Basi Ignaz akasimama kuusikiliza moyo wa Walburga kupitia ukutani. Aliletewa kahawa, hakuigusa.

Ghafla kukawa kimya.

Ignaz akausukuma mlango kwa bega. Walburga alikuwa ananing'inia kwenye winchi, anachuruzika maji, pamba masikioni.

"Burgi! Uko hai?"

"Unasemaje?"

"Nimesema uko hai?"

"Funga mlango, mzee. Baridi inaingia."

Ignaz akaufunga, akiwa ndani, akaketi sakafuni akalia. Daktari alimruka kwenda kunawa mikono.

Nyumbani Walburga alikunywa maji mpaka akayachukia, na akawa anakojoa kupitia kichujio. Mchanga ulitoka bila shida. Kisha kipande kimoja kikakwama kwenye mrija unaoshuka kutoka kwenye figo, na kutwa nzima aliuma taulo, Ignaz akimkanda kiuno.

Jumapili, kengele za kanisa zikilia, aliita kutoka chooni, "Kimetoka!"

Ignaz alikipeleka kichujio dirishani. Kipande kilikuwa kama punje ya pilipili manga.

"Ndicho hiki tu?"

"Kikojoe wewe kwanza," alisema Walburga, "halafu uje uniambie hiki tu."