Kipande cha Ini Langu

Shemeji yangu alikuja dukani kuulizia saruji ya kaburi langu, akanikuta nimekaa nyuma ya kaunta.

Hakujua kwamba nimerudi kutoka Nairobi. Nina duka la vifaa vya ujenzi pale Nyakoe, na mteja wa matanga namtambua kabla hajafungua mdomo, maana huongea polepole huku akitazama sakafu. Nilimuuliza nani amefariki. Akaanza kuchunguza misumari, moja baada ya nyingine, kisha akasema alikuwa anaulizia bei tu. Nikaelewa kaburi ni langu, nikakasirika. Halafu nikacheka, naye akaondoka bila kuaga.

Nina saratani ya ini. Mama yangu alikufa vivyo hivyo kule Nyamira, macho ya manjano, tumbo limevimba, na watu wakasema amerogwa. Mjane mmoja jirani yetu alisemwa kuwa ndiye mchawi hadi akahama na watoto wake usiku. Hakuna aliyejua lolote kuhusu virusi vya homa ya ini, vinavyoweza kuleta saratani. Hasira ya mambo yale sijaimaliza mpaka leo, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuingia katika utafiti wa dawa mpya.

Daktari wa utafiti ni binti wa Nyamache, mdogo kuliko kifungua mimba wangu. Alinieleza kwamba dawa yenyewe haiui saratani. Mwili una askari wake, lakini saratani huwalaghai wakaiacha ikae. Dawa inawaamsha wakapigane. Nilimwelewa mara moja. Nimewahi kuwa na mlinzi aliyekuwa akipiga gumzo na mwizi langoni huku mabati yangu yakipitishiwa nyuma.

Basi nikawa naenda Nairobi, natundikiwa dripu, narudi kuuza rangi na mabomba. Ngozi iliniwasha mwili mzima. Daktari alisema askari wameamka, ila wengine wamekosa shabaha. Shemeji aliona nikijikuna, akaja nyumbani Jumamosi baada ya ibada na kuketi bila kugusa chai.

"Shemeji, hawa watu wanakufanyia majaribio kama panya," alisema. "Kaa nyumbani tukuombee."

"Niombeeni nikiwa njiani," nikamjibu.

"Hata ngozi inakataa hiyo dawa. Wewe huoni?"

"Naona. Kunywa chai, inapoa."

Si mtu mbaya. Alimzika kaka yake, ambaye ni marehemu mume wangu, na alichoka kuzika. Lakini mimi sikukubali aanze kunizika ninapumua.

Kisha skani ikaonyesha uvimbe umekua. Daktari aliniambia bila kuzungusha maneno: dawa hii imeshindwa kwangu na haitaendelea. Nilitoka nje, nikasimama karibu na bomba la maji, nikalia. Niliporudi ndani aliniuliza jambo moja, na akasema nina haki ya kukataa. Walitaka kipande kidogo cha uvimbe. Katika saratani nyingi za ini, na za kongosho pia, askari huamka lakini hushindwa kuingia ndani ya uvimbe, na watafiti hawajui vizuri ni nini kinachowazuia. Kipande cha mtu ambaye dawa imeshindwa kwake kingeweza kuwaonyesha.

"Hakitakusaidia wewe, mama," alisema. "Nataka ulijue hilo."

Nilimpigia shemeji simu kumwambia nimekubali, kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma sasa.

"Dawa imekataa na bado unawapa nyama yako?" akauliza. "Mtu anazikwa akiwa mzima, mwili wote, shemeji."

"Mama yangu alizikwa mwili wote," nikasema. "Na ugonjwa uliomuua ukazikwa naye bila kuchunguzwa, tukabaki tukitafuta mchawi."

"*Tiga*," alisema kwa Ekegusii, sauti imeshuka. "Tiga, urudi nyumbani."

Nikamwambia sitaacha. Nilimwambia pia kwamba naogopa, maana ni kweli.

Walinilaza chali, mkono wa kulia juu ya kichwa. Ganzi ilichoma, kisha nikasikia sindano ndefu ikisukumwa kati ya mbavu, na maumivu yakapanda hadi begani. Nilishika chuma cha kitanda. Daktari alikiangalia kile kipande kwenye taa, chembamba kama uzi, na nikaona uso wake umebadilika.

"Hiki karibu chote kimekufa," alisema. "Huenda kisituambie kitu. Lakini umevumilia vya kutosha, mama. Tunaweza kuishia hapa."

"Rudia, chukua kingine," nikamwambia.