Mwalimu Mélanie na Nusu ya Neno

Ukitaka kumjua Mwalimu Mélanie, mfuate sokoni Kadutu, mjini Bukavu, siku ya Jumamosi. Atasimama mbele ya mwenye maharage, atayachota kwa kiganja, atayakagua kama daftari la mwanafunzi mvivu, kisha atauliza, "Hii maharagi inatoka Mu...?" Hapo ananyamaza. Mwenye maharage, mama mzima mwenye watoto na heshima zake, atajibu kabla hajajishika: "...daka!" Halafu watacheka wote wawili, kwa sababu yule mama alikaa darasani kwa Mélanie zamani, na ulimi uliofunzwa mapema hausahau.

Nyumbani ni vilevile. "Umefunga mula...?" anamuuliza mume wake usiku. "...ngo," anajibu Papa Didier bila kuinua kichwa kutoka kwenye redio. Majirani wanasema ni ugonjwa. Hao majirani hawajui kitu, maana huo ni ufundi, tena wa kurithi.

Mélanie alizaliwa Mudaka kwa wakulima, na darasa lake la kwanza lilikuwa na kitabu kimoja tu, nacho kilikuwa cha mwalimu. Mwalimu huyo, Maître Léopold, alikuwa akikata neno katikati na kuwaachia watoto nusu ya pili. Aliyekuwa macho alijibu, aliyesinzia alijulikana. Mélanie aliichukua njia hiyo, akaja nayo Bukavu, na kwa miaka mingi akaitumia katika darasa la sita ambalo watoto walibanana hata kiwiko kikakosa nafasi. Asubuhi hakuwa na haja ya kuita majina. Jumatatu, kwa mfano, alisema, "Leo ni siku ya kwa...?" nao wakaitika, "...nza!" na katika mwitiko ule alisikia nani hayupo, jinsi mwenye kwaya anavyosikia sauti moja ikipungua.

Kila mwaka watoto wake walifaulu mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na yeye fahari yake hakuificha. Wengine hujisifu kwa nyumba, wengine kwa ng'ombe. Yeye alijisifu kwa darasa la sita, na aliyekereka alikuwa na ruhusa ya kukereka.

Ndipo ikaja corona. Mwezi wa tatu wa 2020 shule zikafungwa nchi nzima, na Mélanie akabaki nyumbani akitazama mikono yake. Hakuuogopa ugonjwa kama alivyoogopa kitu kingine. Mtoto wa darasa la sita akikaa miezi bila shule, harudi hivi hivi. Huyu ataitwa na wajomba kijijini Miti kulima, yule atapewa beseni la mandazi akauze, na siku shule zikifunguliwa dawati lao litakuwa na watoto wengine. Alijua kwamba mtihani ungekuja siku moja. Je, angekuwa na nani wa kuufanya?

Mkurugenzi wa shule, Papa Télesphore, alifika kwake siku moja na barakoa yake, cache-nez, imempanda hadi chini ya macho, mgongoni amebeba mfuko mzito.

"Maman Mélanie, kuko mashini sita," alisema, akizitoa laptopu moja moja na kuzipanga mezani. "Ofisi moja ya Ibanda ilipata za mupya, hizi ikaachia parokia. Utasema masomo, Gentil atayatia mu mashini, kila moja itaenda mu parcelle moja, mu kiwanja ya batu. Batoto ba karibu bakusanyike kidogo kidogo, basikilize."

"Na courant ikikosa?"

"Tutachaji ku parokia. Kule kuko panneau za jua."

Gentil alikuwa fundi wa kompyuta, kijana mtu mzima mwenye duka lake dogo, na kama nusu ya Kadutu alikuwa mwanafunzi wa Mélanie. Wakaingia darasani wawili tu, madawati matupu. Mélanie akasimama mbele ya ubao, akavuta pumzi, akaanza na Kifaransa, farasi mmoja na farasi wengi. "Cheval, mu pluriel, inakuwa che...?"

"...vaux!" akajibu Gentil kutoka nyuma ya mashini.

Ikabidi waanze upya. Mara ya pili Gentil alijiziba mdomo kwa mkono, na somo likaenda hadi mwisho. Kisha akalirudisha ili mwalimu ajisikie.

Nyani haoni kundule, na Mélanie maisha yake yote hakuwahi kujisikia akifundisha. Alisikia sauti ya mwanamke anayesema nusu ya neno, halafu kimya. Nusu nyingine, kimya tena. Akaona haya hadi masikioni. Walimu wa televisheni kule Kinshasa waliteremka kama maji ya mferejini, na yeye hapa alisikika kama bibi aliyesahau anachotaka kusema.

"Gentil," alisema, "ondoa haya mashimo yote. Batu batasema Mélanie amezeeka, maneno yanamupotea."

"Lakini Mwalimu, ni vile unafundishaka."

"Ondoa."

Gentil akaondoa. Kuanzia hapo Mélanie alisema maneno mazima mazima, na pale mazoea yalipomshinda akakata neno, Gentil alibandika nusu mbili pamoja na kufuta kimya kilichokuwa kati yake. Masomo yakatoka laini, bila doa. Papa Télesphore aliyasikiliza akasema ni kama ya Kinshasa, na Mélanie alitembea siku nzima shingo imenyooka. Laptopu zikasambazwa.

Majuma yalipopita alikwenda kuona matunda ya kazi. Alianzia kwa Maman Jeanine, bibi ya mwanafunzi wake Bintu, ambaye alikubali laptopu ikae juu ya meza yake uani. Alitegemea kukuta kundi la watoto. Alikuta watatu. Mmoja alikuwa amelala kabisa, mwingine akichora mchangani kwa kidole cha mguu, na juu ya meza sauti yake mwenyewe ilikuwa ikikimbia peke yake katika hesabu za sehemu, fractions, dénominateur, numérateur, haina breki.

"Bengine beko wapi?" aliuliza.

"Baliacha," alisema Maman Jeanine, akimenya mihogo. "Gloire anauzisha mandazi. Bale bengine siyui."

Gloire. Yule mwenye kujibu wa mwisho, nyuma ya wenzake wote, lakini hakosei.  Mélanie akaketi kwenye kigoda, akamgeukia Bintu, aliyekuwa peke yake akiitazama mashini.

"Bintu, na weye juu ya nini unanyamaza tu? Haya yote unayayua."

Bintu alitazama chini. Mtoto aliyelelewa vizuri hamsemi mwalimu mbele ya mwalimu. Lakini aliulizwa, akajibu. "Mwalimu, ule wa mu mashini, yeye hatungojake siye. Anasema yote yeye mwenyewe."

Mélanie akainuka kigodani. Alikasirika, na hasira haikuwa ya mtoto. Miaka yote ile aliwaachia watoto nusu ya neno iwe yao, na sasa, kwa kuogopa kuchekwa na watu ambao hata hawakuwa wakisikiliza, amewanyang'anya. Aliaga, akashuka kilima moja kwa moja hadi dukani kwa Gentil.

"Tunaanza upya," alisema.

"Yote, Mwalimu?"

"Yo...?"

"...te," alisema Gentil, akainuka kuchukua waya zake.

Safari hii Mélanie hakuutazama mdomo wa mashini. Aliyatazama madawati. Kila alipokata neno alipita kwa macho mahali pa kila mtoto: pale Bintu, mwenye haraka, pale mapacha wa kule juu kilimani, pale mwisho, karibu na dirisha, Gloire. Alingoja hadi Gloire wa kichwani mwake amalize kujibu, ndipo akaendelea. Kilikuwa kimya kirefu. Gentil, mwenye cache-nez yake katikati ya meno asije akaharibu tena, mara mbili alidhani kompyuta imekwama.

Masomo yale yakarudi kwenye parcelle bila sifa za Kinshasa. Siku ya kwanza kwa Maman Jeanine, sauti ilisema, "Namba ya chini tunaiita dénomina...?" kisha ikanyamaza. Bintu akaruka. "...teur!" Aliyelala akaamka kuuliza kuna nini. Neno la pili walijibu wote watatu kwa kelele, na majirani wakachungulia juu ya ua. Watoto wakaambiana njiani kwamba ile mashini sasa inangoja.

Na Gloire? Alikuwa akipita barabarani na beseni kichwani, akinadi mandazi, aliposikia kutoka uani, "Cheval, mu pluriel, inakuwa che...?" Wenzake walijibu. Kimya kikaendelea kidogo, kile kidogo kilichowekwa kwa ajili yake. Gloire akajibu kutoka barabarani, "...vaux." Akalitua beseni, akaingia. Jioni mama yake alikuja na hasira zake kutafuta mandazi, akakuta yameliwa na wanafunzi, na Maman Jeanine, asiyewahi kukaa darasani, akiitika pamoja nao huku akitwanga sombe, majani ya mihogo ya chakula cha jioni. Mama yule alisimama kugomba. Akaulizwa na mashini jina la ziwa letu, Ki...? Akajikuta amejibu, "...vu."

Mwezi wa nane darasa la sita liliitwa kurudi kujiandaa kwa mtihani. Mtihani ulikuja na waliufaulu, ila siku ambayo Mélanie anaisimulia hadi leo ni ile ya kwanza. Aliingia, akakuta midomo yote imefunikwa, haoni nani ni nani. Papa Télesphore alikuwa mlangoni na karatasi ya majina, tayari kuita.

"Acha kwanza, Papa," alisema Mélanie. Akaligeukia darasa. "Batoto, tuko darasa la si...?"

"...ta!"

Alisimama akisikiliza. Sauti zilitoka nzito nyuma ya vitambaa, lakini alizipata moja moja, wale wa mbele, mapacha, wa katikati. Halafu kutoka karibu na dirisha, nyuma ya wenzake wote, ikaja ya mwisho.

"...ta."

Papa Télesphore alimwuliza kama aanze kuita. Mélanie alitikisa kichwa, akafuta macho kwa ncha ya kitenge, akawauliza tena. Alikuwa amesikia vizuri. Alitaka tu kusikia mara ya pili.