Samaki Tausi Katika Maji ya Wageni

Leo ni siku ya ishirini na tatu samaki wangu wa mwisho hajala kitu, kwa sababu mdomo wake umejaa watoto. Kama wako hai au la, sijui. Baba yao nilimtoa kwenye tangi la kioo akiwa amekufa, pamoja na majike wanne.

Walikuwa sita. Aliyewaleta ni jirani yangu hapa Busia, dereva wa lori mwenye ndugu pande zote mbili za mpaka. Aliwanunua kwa muuza samaki wa mapambo Nairobi, akawabeba katika mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Wanaitwa samaki tausi, asili yao Ziwa Nyasa. Dume alikuwa wa bluu kali, mabega ya rangi ya chungwa. Majike walikuwa na rangi ya udongo, na mke wangu alipowaona aliuliza kama fundi aliishiwa rangi.

Kwa mazoea ya kazi yangu ya ukarani, nilianza kuwawekea daftari: siku ya kubadili maji, madumu mangapi, nani amekula na nani amefukuzwa pembeni. Maji nilichota kwenye pampu ya mkono iliyo nyuma ya nyumba, yale tunayoyaita ya chumvi. Sabuni haitoi povu ndani yake, na birika linashika ukoko mweupe. Ukoko huohuo ulishika kioo cha tangi pia, mstari mzima pale maji yanapoishia. Samaki walikaa humo zaidi ya mwaka bila hata mmoja kuugua.

Maji ya mvua ni mengine. Yanatoka kwenye bati hadi kwenye tangi kubwa la pembeni mwa nyumba, na kazi yake inajulikana: chai, nguo nyeupe, na wageni. Kumpa mgeni maji ya pampu wakati tangi lina maji ni aibu, na habari zake hufika mbali.

Shangazi yangu alikuja kutoka Nabuyoga, ng'ambo ya mpaka, kukaa nasi wiki moja. Siku ya kwanza alisogeza uso hadi karibu na kioo.

"Hii ni furu," alisema. "Kwetu tunakausha, tunapika na karanga. Wewe umeijengea nyumba."

"Hawa si wa kula, shangazi."

"Nani amesema nakula? Nauliza, inakunywa maji gani?"

"Ya pampu."

Akanigeukia. "Mgeni ametoka mbali namna hiyo, wewe unampa maji ya chumvi? Baba, nani alikufundisha hii?"

Mke wangu alicheka, kisha akasema ukoko ule wa kioo ulikuwa ukimkera yeye pia.

Wakati huo jike mmoja alikuwa na siku ya nne hajala, kidevu kimevimba. Samaki hawa hubeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa hubaki humohumo hadi waweze kuogelea, wiki tatu au zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu. Nilidhani maji safi yangemsaidia.

Jumamosi tuliondoa maji karibu yote, tukasugua kioo, tukajaza ya mvua. Shangazi alibeba madumu mawili mwenyewe. Kabla ya jioni dume alikuwa amepauka. Jumatatu alikuwa amelala ubavu, na hadi Jumanne alikuwa amebaki yule jike mwenye mayai tu.

Dereva alikuja akachungulia.

"Karani, umewapa nini?"

"Maji ya mvua."

"Yote?"

"Yote."

"Hawa ni watu wa maji mazito, maji ya mawe yenye chumvi ya ardhini; ya mvua hayana kitu. Aisee, ungewapa bia wangedumu zaidi!"

Shangazi alikuwa mlangoni, akasikia. Alichukua jagi akaenda kwenye pampu. Dereva alimwambia aongeze kikombe kimoja kimoja, samaki asishtuke tena, naye alifanya hivyo siku nzima akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kioo. Safari yake ya kurudi nyumbani aliiahirisha kwa siku tatu.

Sasa anapiga simu kila siku saa sita.

"Amefungua?"

"Bado, shangazi."

Dereva anataka kumfungua samaki mdomo kwa kidole gumba na kuwamwaga watoto kwenye beseni. Amemwona muuzaji akifanya hivyo, na anasema tukichelewa njaa itammaliza mama. Atapita Jumamosi. Shangazi hataki. "Tumemkosea mara moja," alisema. "Mumwache." Sijamkubalia yeyote kati yao.

Leo shangazi alipokata simu, nilimmulika samaki kwa tochi. Alifungua mdomo kidogo, kama anayetafuna, na ndani nikaona jicho: doa jeusi lenye duara la fedha. Tulipobadili maji yalikuwa mayai ya siku nne tu, na ya umri huo huwa hayajapata macho. Kwa hiyo waliyapita maji ya mvua wakiwa hai, angalau huyu mmoja. Nilisubiri jicho lisogee. Halikusogea, na mama akafunga mdomo kabla sijahesabu hadi tatu.