Jumamosi Niliyojificha Mvunguni

Mvungu wa kitanda cha Mama ulinuka makumbi ya nazi, dawa ya nondo na kandambili zilizoloa. Naujua vizuri, kwa sababu Jumamosi moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliingia humo nikikusudia dakika tano, nikakaa alasiri nzima. Tuliishi Mikindani, chumba kimoja na pazia, na nilikuwa nimesikia Mwalimu Katana, aliyetufundisha darasa la ubatizo, akipiga hodi uani. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya kubatizwa, nami nilikwisha kuahirisha mara tatu: mara tumbo, mara mtihani, mara nguo nyeupe haijakauka, na jua la Mombasa mnalijua. Sikuwa na ugomvi na Yesu. Ugomvi wangu ulikuwa na tarehe. Kila aliyebatizwa alisimama kwanza mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, na kuanzia hapo mtaa mzima ungekuwa na haki ya kuniuliza, "Nawe si umeokoka?" kila nikichovya kidole kwenye sukari. Nilitaka kumfuata Bwana, ila nianze muhula ujao.

Chumba chetu kilikuwa na kiti kimoja, nacho Mama alikikalia akichambua mchele, kwa hiyo wageni walikaribishwa kitandani. Kilikuwa kitanda cha kamba, na Mwalimu alikuwa mtu wa mwili. Kamba zilishuka mpaka zikanigusa mgongo. Kando yake aliketi Kadzo, rafiki yangu wa darasani, ambaye uzito wake haukuongeza kitu. Mbele yangu palikuwa na mbuzi ya kukunia nazi, meno yameelekea shavuni. Sikuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma, na kupumua kwenyewe kulihitaji ruhusa ya Mwalimu.

"Sidi yuko wapi, mama?" aliuliza.

"Alikuwa hapa sasa hivi. Huyo ukimtuma chumvi hasikii, lakini hodi ya kanisa huisikia tangu barabarani."

"Mara tatu ameahirisha! Ningekuwa daktari wa meno ningemwelewa."

Wakacheka, chai ikamiminwa, nami nikajua nimekwisha, maana chai ya Mama haikuishia kikombe kimoja. Miguu ilikufa ganzi, kwanza wa kushoto, halafu wa kulia. Ndipo Kadzo, ambaye darasani hakuwa akisema neno, akasema, "Mwalimu, basi hata mimi kesho siingii majini. Tuliahidiana na Sidi. Nitamngoja."

"Utamngoja wapi, mwanangu?" Mama alimwuliza. "Na Jumatatu unahamia Kaloleni kwa babako?"

Sote tulijua. Babake Kadzo hakutaka kabisa kusikia habari za ubatizo. Ruhusa ilikuwa ya mamake, nayo ingeisha Jumapili ile.

"Nitamngoja tu," Kadzo alisema. Nyayo zake zilikuwa mbele ya pua yangu, kidole kimoja kikilalia kingine. Mpaka hapo nilikuwa nikiamini kwamba kuchelewa kwangu ni mali yangu peke yangu.

"Asiningoje," nikasema. "Nitakwenda kesho."

Mwalimu aliruka chai ikamwagika. Mama aliita jina la Yesu, kisha akapata pumzi: "Toka huko! Na hiyo mbuzi toka nayo, nazi hazijakunwa."

Tulibatizwa sote wawili, Kadzo akitangulia. Ushuhuda wangu ulikuwa mfupi, kwa kuwa Mama alikwisha kuwasimulia wote langoni.

Siku hizi nina vyumba viwili na viti vya kutosha, na kutoka nje ya mlango kwangu ni safari. Wanaonihitaji hawapigi hodi. Wanaandika kwenye simu. Kanisa linatafuta mtu wa kuketi na wagonjwa wasio na jamaa kule hospitali ya Port Reitz. Nimesoma, nimejibu "Amina", nimeandika "nitakuja" nikafuta, miezi minne sasa. Utotoni nilinaswa alasiri moja tu, kisha Kadzo akanitoa mvunguni bila kujua. Leo asubuhi niliandika tena kabla ya kunawa uso, nikatuma, nikazima simu nisije nikafuta. Wananingoja saa nane. Sasa ni saa saba na robo, na mnaona wenyewe ninachofanya: nimekaa naandika. Niacheni nikavae viatu.