Mdalasini Kwenye Ardhi ya Wajomba

Kibali changu cha kazi kilinitambua kama mwalimu wa hesabu katika shule moja ya binafsi mjini Morogoro, basi. Hakikusema lolote kuhusu kukausha mdalasini. Mimi ni Mkenya, na kwetu mtu anayeishi kwa mshahara mtupu huulizwa kama anaumwa. Kwa hiyo kila Jumamosi nilipanda pikipiki hadi Matombo, roho mkononi, kwenda kwenye biashara ambayo sikuruhusiwa kuwa nayo. Ningekamatwa, ningefutiwa kibali na kurudishwa kwetu. Nilijua hilo vizuri, na bado nilikwenda.

Nilikuwa nimeelewana na fundi seremala aliyetutengenezea madawati shuleni. Nyuma ya nyumba yake Matombo kulikuwa na mdalasini mwingi unaouzwa kwa bei ya kutupa. Mimi nilete mbao, maturubai na mnunuzi wa Dar. Yeye ajenge vichanja vya kuanikia. Tulipeana mikono uani kwake. Mkewe alikuwa kando akimenya ndizi, hakusema neno, nami nikaona hana neno. Nilikozaliwa, ukishamalizana na baba mwenye nyumba, umemaliza.

Vichanja vilipokamilika tu, akaja mjomba wa mke wa fundi. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akakaa, akavitazama vichanja kimoja baada ya kingine.

"Mwalimu, haya umekubaliana na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Yupi?"

Fundi alitazama chini.

"Ardhi hii ni ya ukoo wa mama zetu," mjomba akasema taratibu. "Huyu ni mkwe wetu, tumemkaribisha. Na wewe Tanzania umekaribishwa. Sasa wageni wawili mmekaa mkagawana mali ya wenyewe." Akanigeukia. "Serikali inajua kwamba unafanya kazi hii?"

Nilikasirika, sitaficha. Mbao zangu, maturubai yangu, halafu naitwa mgawanaji. Lakini swali lile la mwisho lilinikata ulimi. Mzee alihitaji kushuka tu hadi ofisi ya kijiji, na mimi ningefunga virago.

"Samahani, mjomba."

"Usiniombe mimi. Muombe huyu."

Yule mama, mke wa fundi, alifuta mikono kwenye khanga. Alizungumza kama mtu aliyekuwa na jibu tangu siku ya ndizi. "Kazi iendelee, Mwalimu. Ila biashara iwe yangu. Wewe tutakupa chako."

Nilikubali kwa mdomo. Moyoni nilijiambia hayo ni maneno ya kumtuliza mzee, mwenye biashara ni mimi.

Kwa muda mambo yalikwenda sawa, ingawa kila pikipiki iliyounguruma kilimani ilinishtua. Halafu Jumamosi moja pikipiki ikasimama uani kweli. Alishuka mtendaji wa kijiji, na nyuma yake mwanamume aliyebeba faili, akajitambulisha kuwa ni afisa wa uhamiaji. Nilikuwa nimechuchumaa nakwangua maganda. Mama alikuwa ameshawaona kabla yangu. Alikichukua kisu mkononi mwangu bila kunitazama, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaa kwenye kiti."

Nikakaa. Mikono ilininukia mdalasini, nikaificha mapajani.

"Hii biashara ya nani?" afisa akauliza.

"Yangu."

"Vichanja?"

"Amejenga mume wangu."

"Na mdalasini?"

"Aliupanda bibi, mzaa mama."

Afisa akanigeukia. "Na huyu?"

"Mwalimu huyo. Mgeni wangu."

"Hafanyi kazi hapa?"

"Kazi yake iko shuleni."

Akaomba kibali changu. Alikisoma polepole, mstari kwa mstari. Mwishowe akakirudisha. "Shule iko mbali na hapa, Mwalimu."

"Leo ni Jumamosi," nikajibu.

Akatazama tena vichanja, akaaga, wakaondoka. Mlio wa pikipiki ukapotea kilimani. Nilimshukuru yule mama mpaka nikaona aibu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyerudishiwa maisha yake.

Kisha nikainuka, nikanyoosha mkono nipewe kisu tuendelee.

Hakunipa. Alikuwa ameshachuchumaa pale nilipokuwa mimi, anakwangua, na kwa kasi kunizidi.

"Kaa, Mwalimu," akasema kwa upole kabisa. "Chai inakuja."

Nilisimama pale nikiyapitia majibu yake moja moja, nikitafuta uongo hata mmoja aliomwambia yule afisa. Sikuupata. Nikarudi kwenye kiti, nikakaa.