Jazi ya Idi

Enzi zetu pale Chang'ombe, hakuna mtoto aliyesikia wimbo mpya peke yake. Kaseti ikiingia nyumbani, habari ilishafika nyumba ya pili kabla hatujaifungua. Baba, aliyekuwa fundi wa kuchomelea mageti, alinawa kwa sabuni ya mche mpaka viwikoni na kuvaa shati, ndipo akaigusa. Mama alitandika mkeka. Majirani waliingia na watoto wao, mihogo ya kukaanga ilipita kwenye kipande cha gazeti, pilipili ikituunguza midomo, na hakuna aliyeruhusiwa kusema neno mpaka upande wa kwanza uishe. Aliyejaribu, Baba alimkatiza: "Mgeni haulizwi habari za safari kabla hajanywa maji."

Upande ukiisha, mahakama ilikaa. Mama Rukia, mpangaji wa chumba cha pili, ndiye aliyekuwa hakimu. "Gita tamu," alisema siku moja, "ila huyo mwimbaji ana mafua." Tulicheka mpaka mihogo ikatupalia.

Mdogo wangu Idi alikuwa na starehe yake. Alipenda betri zikichoka. Redio yetu ilikula betri nne, na zilipoanza kufa, sauti ya mwimbaji ilinenepa na kujikokota, tarumbeta zikalia kama ng'ombe. Sie tulipiga kelele zitolewe zikaanikwe juani. Idi aliikumbatia redio: "Acheni! Hapa ndo patamu!" Mama alisema masikio ya mtoto huyu yamewekwa kinyume.

Sasa Idi anaishi nchi ya baridi, miaka mingi. Baba na Mama wametangulia. Tumebaki wawili, na mazungumzo yetu yamesinyaa hadi "Salama?" "Salama." Mwezi uliopita akanitumia albamu yake ya kwanza, pamoja na ujumbe wa sauti: "Dada, hii ni jazi, ila nimeitengeneza kwa mitambo. Sikiliza yote, uniambie ukweli. Usinipambe."

Jazi! Kwa sie wa umri ule, jazi ni bendi ya dansi: magita matatu, tarumbeta, na watu wazima wakizunguka taratibu. Jumamosi mchana, hapa Kimara ninapoishi peke yangu tangu wanangu waolewe, nilisogeza meza ya sebuleni nipate nafasi, nikajifunga kanga kiunoni, nikabonyeza spika yangu ndogo, niliyowekewa nyimbo zake kwenye kadi.

Nilisimama hivyo hivyo, kanga kiunoni, wimbo mzima. Kwanza ulikuja mvumo kama wa friji la zamani. Kisha kitu kikagonga mara tano, kikanyamaza nilipokuwa nasubiri ya sita. Saksafoni ikaanza kusema jambo, ikakatwa, ikarudi vipande vipande. Nilizima spika, nikaiwasha upya. Haikusaidia.

Neema, mwanafunzi wa chuo anayepanga chumba cha uani, alichungulia mlangoni, sikio moja limezibwa na kifaa chake.

"Shikamoo, aunti. Spika imeingia maji?"

"Marahaba. Huo ni muziki wa mdogo wangu."

"Mh! Ruka, aunti. Pengine unaofuata una biti."

Watoto wa siku hizi wanaupa wimbo sekunde kumi za kujitetea, kisha wanaufukuza. Sie hatukuwa na pa kurukia. Tuliurudisha utepe nyuma kwa kalamu, tukizungusha mpaka kiganja kikauma, na wimbo mbaya tuliusikiliza mpaka ukazoeleka.

Basi nikakaa. Kwenye wimbo wa nne ngoma zilianza kuchelewa, sauti ikanenepa, tarumbeta ikajikokota. Nikapiga kofi paja langu: "Betri zimekwisha!" Nikageuka kushoto, kumtazama wa kucheka naye. Palikuwa na kochi, na nguo nilizoanua asubuhi bila kuzikunja.

Niliisikiliza albamu mara tatu siku ile. Huo wa nne ulinifungulia. Mingine ilinibania mlango. Nikaandika "Nzuri sana", nikafuta. Uongo huo ungetuacha kwenye "salama" mpaka tuzikane. Ukweli nao ungeweza kumnyamazisha kabisa, na sina mwingine anayeikumbuka nyumba ile. Nikampigia.

"Idi, sijaelewa."

"Hata kidogo?"

"Wa nne nimeujua. Huo wa nyumbani. Mingine imenichosha, baba. Wa pili nusura unitapishe."

Nikajuta. Kisha nikasikia kama mtu anapaliwa, kumbe anacheka.

"Watu wote wamenitumia dole gumba, Dada. Wewe ndo wa kwanza kunitukana."

"Sijakutukana. Upande umeisha, ndo nasema."

"Basi weka tena, tusikilize wote. Sogeza simu kwenye spika. Na usiongee!"

Nikaiweka simu juu ya stuli, mbele ya spika, nikakaa sakafuni. Siwezi kusema niliuelewa zaidi. Ila nilijua kuna mtu mwingine anausubiri.

Zamani kicheko kilipasuka chumba kizima kwa pamoja, hata hukujua kimeanzia kwa nani. Siku ile, saksafoni ilipokohoa katikati ya wimbo wa sita, nilicheka peke yangu kwenye sebule tupu. Nikahesabu: moja, mbili. Ndipo kicheko cha Idi kikafika.